Je, Swift Sport yangu niiongeze nguvu, na niitie petroli gani?

Swali: Nimenunua Suzuki Swift Sport ya mwaka 2018 iliyotoka Japani, ya gia za mkono, ikiwa imetembea kilomita 61,000. Naishi Ruaka, kazi yangu iko Upper Hill, na kila baada ya miezi miwili au mitatu hushuka Mombasa kuwaona wazazi. Nina shilingi 200,000 za kuliboresha gari. Fundi mmoja ameniambia kuwa atapakia faili jipya kutoka nje kwenye kompyuta ya injini ili lifike nguvu za farasi 175, kisha abadilishe chujio la hewa na ekzosi, na kwamba Nairobi iko juu mno, kwa hivyo supa ya kawaida inatosha. Wengine wananiambia nisitie chochote ila petroli ya bei ya juu. Nifuate lipi?

Jibu: Dada yangu, nitakujibu kwanza kwa ufupi kisha nieleze. Faili hilo usilinunue. Petroli ya okteni ya juu itie, lakini kwa sababu ambayo huenda si ile uliyoambiwa. Na zile shilingi 200,000, sehemu yake kubwa ningependa uitumie kwa vitu ambavyo havitaongeza hata farasi mmoja kwenye karatasi, ingawa utavihisi kila siku utakapolishika usukani.

Tuanze na gari lenyewe, kwa kuwa wengi huanza kulirekebisha kabla ya kulijua. Umbo hili lililotoka mwaka 2017, ambalo wauzaji hulitambua kwa alama ya ZC33S, lina injini ya K14C yenye ujazo wa sentimita 1,371 tu, turbo moja (pampu inayoisindika hewa kabla haijaingia kwenye silinda), na petroli inayonyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Kiwandani ilipewa nguvu za farasi 140 kwenye mizunguko 5,500 kwa dakika, na nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 230 inayopatikana mapema, kuanzia mizunguko 2,500 hadi 3,500. Gari zima lenye gia za mkono lina uzito wa kilo 970. Uzito huo mdogo ndio utajiri wa gari lako, na ni utajiri ambao hauhitaji faili wala chujio. Kila unachokifanya kuanzia leo kipime kwa kuuliza kama kinauhifadhi au kinaufuja.

Sasa hoja ya mwinuko, maana ndiyo kiini cha swali lako hata kama hukulitia mkazo. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo shinikizo la hewa ni kama kilopaskali 82, ilhali Mombasa ni 101. Injini isiyo na turbo huvuta kile inachopewa na anga, na ndiyo sababu Probox iliyopakia mzigo hulegea inapopanda kutoka Pwani: inapofika Nairobi imekwisha kupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake. Kwa injini ya namna hiyo fundi wako ana haki. Hewa ikiwa haba ndani ya silinda, shinikizo na joto navyo hupungua, na petroli ya okteni ndogo huweza kuvumilia. Hata kule Marekani, katika jimbo la Colorado ambalo jiji lake la Denver liko mita 1,600 juu, petroli ya kawaida huuzwa ikiwa na okteni ya chini kuliko ile ya majimbo ya pwani.

Injini ya turbo haikubali kupungukiwa hivyo. Kompyuta yake ina lengo la shinikizo linalotakiwa kwenye njia ya kuingizia hewa, na ikiona hewa ya nje ni nyepesi huiacha turbo izunguke kwa kasi zaidi mpaka lengo lifikiwe. Tuchukue, kwa mfano tu, lengo la kilopaskali 200. Mombasa, turbo italazimika kuizidisha hewa karibu mara mbili; Nairobi itaizidisha mara 2.4 na ushei ili kufika pale pale. Hewa ikisindikwa hupata joto, kama mtu yeyote aliyejaza upepo kwenye gurudumu la baiskeli kwa haraka anavyojua kutokana na pampu iliyomchoma mkono. Nikipiga hesabu kwa hewa ya nyuzi 25 na turbo yenye ufanisi wa asilimia 70, hewa inayotoka kwenye turbo kule Pwani huwa na nyuzi 118 hivi, na hapa kwetu hukaribia 150. Intakula, yaani kile kipoza hewa kilicho mbele ya gari, hulipunguza joto hilo, lakini nayo hupoozwa na hewa ile ile nyepesi yenye uwezo mdogo wa kubeba joto. Kwa hivyo silinda yako hupokea shinikizo lile lile la Pwani, ikiwa na hewa yenye moto zaidi, na turbo iliyokwisha kufanya kazi kubwa kuliko aliyoikusudia mhandisi alipokuwa akiijaribu karibu na bahari. Mtu akikuambia kwamba mwinuko wa Nairobi unakuruhusu kutia petroli dhaifu kwenye gari la turbo, amechukua kanuni ya Probox akaivika Swift Sport.

Okteni yenyewe inaeleweka vibaya sana. Hupima uvumilivu wa petroli: uwezo wake wa kungoja moto unaoanzishwa na cheche ya plagi badala ya kulipuka yenyewe kwa sababu ya joto na msongo. Petroli isipongoja, mawimbi ya mlipuko hupiga pistoni wakati ambapo bado inapanda au ndiyo kwanza imefika kileleni, na hilo ndilo mafundi huliita injini kugonga. Gari lako lina sensa inayosikiliza mgongano huo, na likiusikia kompyuta huichelewesha cheche ili kuinusuru injini. Ndiyo maana ukitia supa katika Swift Sport ambayo haijaguswa, haitavunjika kesho. Itajinyima nguvu kimyakimya, hasa unapopanda kilima mchana wa jua, na itakunywa zaidi. Kinga hiyo hata hivyo ina kikomo, na kikomo hicho huwekwa na yule aliyeandika ramani ya injini, yaani maagizo yaliyomo kwenye faili la kompyuta yake. Aliyeandika faili la farasi 175 huenda amekisogeza mbali.

Gari lako liliandikiwa petroli ya premium ya Japani. Kiwango cha Japani, JIS K 2202, kinataka premium isipungue RON 96 (RON ni kipimo cha okteni), na inayouzwa pampuni huwa karibu na 100. Ile ya kawaida haitakiwi kupungua 89. Ulaya petroli ya kawaida ni RON 95, na injini hii iliuzwa huko ikiendeshwa kwa petroli hiyo bila shida, jambo linalotupa moyo. Kiwango cha chini cha supa yetu kiko chini ya kile cha premium ya Japani. Usichanganyikiwe na namba za Wamarekani, kwa kuwa wao hubandika pampuni wastani wa vipimo viwili: 91 yao inakaribia 95 au 96 kwa kipimo cha RON tunachokitumia sisi. Nimewahi kuonyeshwa faili lililoandikwa kwamba ni la okteni 93, mwenye gari akafurahi akidhani ni petroli hafifu inayopatikana popote, kumbe kwa hesabu yetu ilikuwa 98.

Kuhusu petroli ya bei ya juu, uliza namba. Majina ya kibiashara kama V-Power na Excellium husifiwa kwa viungo vya kusafisha, na kusafisha ni jambo jema, lakini kiungo cha kusafisha na okteni ni vitu viwili mbalimbali ambavyo huweza kuwa pamoja au visiwe pamoja. Mwombe msimamizi wa kituo, wala si kijana anayejaza, akuonyeshe kwa maandishi RON ya mafuta anayouza. Ikiwa ni 95 au zaidi, hiyo ndiyo petroli yako ya kila siku, na ushikilie kituo hicho. Tofauti ya bei ikiwa shilingi 25 kwa lita, basi kujaza tangi lako la lita 37 kutakugharimu shilingi 925 za ziada, na kwa gari la turbo nadhani ni fedha iliyotumika vizuri. Usitarajie tu kwamba viungo hivyo vitasafisha vali za kuingizia hewa, kwa sababu katika injini inayonyunyiza petroli ndani ya silinda, petroli haizifikii vali hizo kamwe. Masizi yake huondolewa kwa mkono au kwa mashine gerejini, na kwa kilomita 61,000 ni vyema zitazamwe.

Usafi wa petroli unanitia wasiwasi kuliko hata okteni yake. Mafuta ya taa yana okteni ndogo mno, na kwa miaka mingi tofauti ya kodi iliwatamanisha watu kuyachanganya na petroli na dizeli, hadi serikali ilipoweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuiua biashara hiyo. Tamaa imepungua, haikwisha. EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, ambayo tunaifahamu kwa bei za mafuta za tarehe 14 ya kila mwezi, pia hupima mafuta vituoni kwa alama maalumu na hutangaza vituo vilivyokutwa na kasoro. Yasome matangazo hayo kwa makini kama unavyosoma bei. Jaza mafuta mahali ambapo magari ni mengi na tangi la chini ya ardhi haliketi na mafuta ya wiki tatu, na risiti uitunze mpaka tangi lile liishe.

Nitakusimulia kisa kimoja kwa sababu kinafanana sana na safari zako. Miaka michache iliyopita mteja wangu alikuwa na hachibaki ndogo ya turbo ya Kijerumani, akanunua faili kwa njia ya mtandao, akapakiwa na mtu ambaye sitamtaja. Hapa Nairobi gari lilikwenda vizuri sana kwa miezi minne, kwa sababu alikuwa akitia petroli bora na safari zake zilikuwa fupi za mjini. Disemba akashuka Mombasa. Wakati wa kurudi alijaza supa njiani mahali ambapo hapakuwa na nyingine, gari likiwa na watu wanne na mizigo, akaanza kupanda nyanda zile ndefu baada ya Voi akiwa kwenye gia ya juu, mguu umezama, mizunguko haijafika 2,000. Alipofika Emali moshi wa bluu ulikuwa ukimfuata. Tulipofungua injini tulikuta kile kiukuta chembamba cha pistoni kilicho kati ya ringi ya kwanza na ya pili kimemeguka katika silinda mbili. Hakuna aliyemdanganya kuhusu nguvu, nguvu alizipata. Ila ramani ile ilikuwa imeandikwa kwa petroli ya mahali pengine, na hakuna aliyemuuliza angekuwa akitia nini akiwa Mtito Andei. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelihudumia gari lile mwezi mmoja kabla ya safari, nikaona limeongezwa nguvu, na sikumuuliza swali hilo. Tangu siku ile namuuliza kila mteja.

Jambo jingine lililomo ndani ya kisa hicho ni mzigo mkubwa kwenye mizunguko midogo. Injini ndogo za turbo zenye unyunyizaji wa moja kwa moja zina ugonjwa wake: matone ya oili yaliyochanganyika na petroli huweza kuwaka ndani ya silinda kabla ya cheche, na mgongano mmoja wa namna hiyo unatosha kuvunja pistoni hata kama gari halijarekebishwa kamwe. Dawa yake ni mbili na zote ni rahisi. Ya kwanza ni oili ya daraja la API SP, lililoanza mwaka 2020, ambalo liliwekwa likizingatia tatizo hili miongoni mwa mengine. Soma alama hiyo kwenye kibandiko, zingatia uzito wa oili uliotajwa kwenye kitabu cha gari, na inunue kwa msambazaji anayetambulika, maana kopo zuri kwenye rafu ya Kirinyaga Road halikuhakikishii kilichomo ndani. Ningeibadilisha kila kilomita 5,000 kwa vumbi na foleni zetu. Ya pili ni mguu wako: unapopanda kuelekea Limuru usilikandamize pedali ukiwa gia ya sita kwa mizunguko 1,500, shuka gia mbili, acha injini ipumue, kisha kandamiza.

Nirudi kwenye zile farasi 175. Muulize fundi wako amezipimaje. Mashine za kupimia nguvu huwa na hesabu ya kurekebisha matokeo ili gari lililopimwa mlimani lilinganishwe na lililopimwa pwani, na hesabu hiyo ilitungwa kwa kufikiria injini ambayo imepoteza nguvu kwa uhaba wa hewa. Kwa shinikizo la Nairobi, kanuni inayotumika sana ya SAE, chama cha wahandisi wa magari, huzidisha matokeo kwa karibu 1.24. Gari la turbo lililokwisha kujifidia lenyewe likizidishiwa tena hivyo, linalipwa mara mbili: farasi 140 za kweli zitaandikwa kuwa 174. Simaanishi kwamba fundi wako ni mwongo, kwa kuwa wengi wanaotumia mashine hizo hawajui kwamba hesabu hiyo ipo na imewashwa. Namaanisha kwamba gari lako lilivyo sasa laweza kutoa karatasi ya farasi 174 bila mtu kuligusa. Ukienda kupima, taka matokeo yasiyorekebishwa, kabla na baada, siku moja, petroli moja.

Ukiwa bado una hamu ya kuongeza nguvu, na sikulaumu hata kidogo kwa kuwa gari hili linaitia mtu hamu, njia ipo. Tafuta mtu atakayeandika ramani hapa hapa, gari lako likiwa na petroli utakayoitumia, akirekodi takwimu za kompyuta barabarani: shinikizo, joto la hewa inayoingia, na kiasi ambacho kompyuta inaichelewesha cheche katika kila silinda. Mwambie unataka ramani itakayostahimili supa ya kawaida bila kugonga, hata kama petroli bora ndiyo utakayoitia siku nyingi, kwa kuwa ipo siku utakuwa Lodwar au Taveta na chaguo litakuwa moja. Asiongeze shinikizo kwenye mizunguko ya chini, ambako pistoni huumia, wala kwenye ile ya juu sana, ambako turbo ya Nairobi tayari inakimbia kupita kiasi. Sehemu ya kati ndiyo yenye nafasi. Utapata ongezeko dogo kuliko aliloahidi, na utaliendesha miaka mingi. Na yale masanduku madogo yanayochomekwa kwenye waya za sensa ili kuidanganya kompyuta kwamba shinikizo ni dogo kuliko lilivyo, yaepuke kabisa. Kompyuta isiyojua ukweli haiwezi kuilinda injini.

Chupa za kuongeza okteni zinahitaji maneno machache tu. Zinapotangaza kuongeza pointi 10, kwa kawaida maana yake ni okteni moja. Nyingi hutumia manganisi au chuma, na vyote viwili huacha utando kwenye plagi. Kuna pia wanaopendekeza mafuta ya ndege ndogo kutoka Wilson, yale ya Avgas 100LL. Okteni yake ni ya juu kweli, lakini yana madini ya risasi, ambayo huiua sensa ya oksijeni na kataliti, yaani kile kisafisha moshi cha ekzosi, na moshi wake utawaingia watoto wa jirani zako kila asubuhi unapoliwasha gari. Hilo la risasi naliomba kwa dhati usilifanye hata mara moja.

Fedha zako ningezipanga hivi. Kabla ya lolote, gari la kilomita 61,000 lililosafiri kwa meli lisomwe kompyuta, lipimwe msongo wa silinda, litiwe plagi mpya za aina ile ile ya kiwandani, libadilishwe chujio la hewa na oili ya giaboksi, na rejeta imwagwe maji yote na kutiwa kulanti. Kwa mwinuko wetu maji matupu huchemka kwa nyuzi 94 hivi badala ya 100, na kifuniko cha rejeta kilichochoka ndicho tu kinachokutenga na mvuke kwenye foleni ya Waiyaki Way. Kisha tairi. Magari haya huja na saizi ya 195/45R17, na mengi hufika na tairi za Kijapani zenye mistari mizuri lakini mpira uliozeeka. Tazama namba nne za mwisho ubavuni, ambapo 2318, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi nne mpya za hali ya juu zitalibadilisha gari lako kuliko faili lolote, hasa mwezi wa Aprili barabara zinapokuwa na maji. Pamoja nazo, badilisha mafuta ya breki, weka DOT 4 mbichi, na pedi nzuri. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa kila mwaka, na kuteremka Mai Mahiu nyuma ya trela ukiwa na mafuta yaliyozeeka ni hatari ambayo hata dereva hodari hawezi kuiondoa kwa ustadi.

Hayo yote yakikamilika, naamini utakuwa umetumia kati ya nusu na theluthi mbili za akiba yako. Zilizobaki, kitu cha kwanza ningekichagua ni intakula kubwa zaidi yenye ubora, kwa sababu ya zile nyuzi 150 nilizozitaja; haitakupa karatasi ya kujivunia, lakini itazuia nguvu ulizonazo zisiyeyuke kila unapopanda mara ya pili. Springi za kulishusha gari ziache: matuta ya Ruaka hayakubaliani nazo.

Chujio la hewa la wazi analokupendekeza fundi halina faida hapa. La kiwandani halijabana kitu kwenye nguvu hizi, na lile la wazi huvuta hewa ya moto iliyo juu ya injini na kupitisha vumbi laini ambalo husaga mapanga ya turbo. Ekzosi ya nyuma ya kubadilisha sauti haina madhara kwa injini, ila kumbuka kwamba kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira, za mwaka 2009 kuhusu kelele zinakuhusu wewe na majirani. Kuiondoa kataliti ni suala jingine. Kwa gari la turbo huongeza nguvu kweli, lakini pia huipunguzia turbine kizuizi, na katika hewa yetu nyepesi turbo huzidi kwenda mbio bila breki. Ukiongeza hapo faili lisiloijua Nairobi, ndipo shafti inapokatika. Nami sipendi kuona gari safi likigeuzwa kuwa chafu katika jiji ambalo watu wengi hutembea kwa miguu kandokando ya barabara.

Tabia moja ndogo itaisaidia turbo yako kuliko vifaa vingi. Ukipanda bonde la ufa kutoka Mai Mahiu, watu husimama pale kwenye vibanda vya mandhari kupiga picha na kuzima injini papo hapo, turbo ikiwa bado ina moto mkali na oili iliyomo ndani yake haizunguki tena. Endesha polepole kilomita moja ya mwisho, au iache ingurume dakika moja kabla ya kuzima. Kwa mwendo wa kawaida wa Ruaka hadi Upper Hill huna haja ya kungoja.

Ukiamua kuandikiwa ramani, mjulishe mwenye bima yako kwa maandishi kabla ya kazi kufanyika na uitunze nakala, kwa sababu badiliko lisilotangazwa laweza kuwapa sababu ya kukataa dai siku ya ajali, na siku hiyo hutakuwa na nguvu ya kubishana.

Kwa sasa nakuomba ufanye jambo moja. Jaza petroli bora mara mbili mfululizo, kisha mwombe fundi aunganishe kifaa cha kusoma kompyuta kwenye soketi iliyo chini ya usukani, naye akiwa abiria, upande kilima cha kuelekea Limuru kwa gia ya tatu kutoka mizunguko 2,500 hadi 5,000, kwa kasi inayoruhusiwa. Andikeni joto la hewa inayoingia mwanzoni na mwishoni, na ni nyuzi ngapi kompyuta imeichelewesha cheche. Rudieni jambo hilo hilo wiki inayofuata mkiwa na supa. Niandikie namba hizo tatu za kila safari. Kutokana nazo nitajua kama gari lako lina nafasi yoyote ya kuongezwa, na kama intakula ndiyo inayostahili kutangulia.